Riwaya za Upelelezi: Tuzipime, Tusizitupe

Muhula uliopita, katika shule moja ya sekondari iliyo mbali na Dar es Salaam, mwalimu wa Kiswahili alimnyang'anya mwanafunzi wake kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo, jalada limechakaa, kurasa za mwanzo zimeshikizwa kwa gundi, nacho kilikuwa kimefichwa ndani ya kitabu cha historia. Mwanafunzi aliomba radhi kama ilivyo desturi, na mwalimu akakitia kitabu mkobani kama ilivyo desturi. Lakini lililofuata halikuwa la desturi. Usiku ule mwalimu alikifungua apate kujua ni upuuzi gani huo uliomshinda kijana kungoja kengele ya mapumziko. Alipokifunga, majogoo walikuwa wakiwika.

Kitabu chenyewe kilikuwa Kufa na Kupona cha A. E. Musiba, riwaya ya upelelezi iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinagusa jambo kubwa. Kwa miaka mingi wasomi wetu, na hasa walimu na watumishi wa umma, wamekuwa na ndimi mbili juu ya riwaya za aina hii. Hadharani huziita vitabu vya mitaani, vitabu vya kupotezea wakati, vitabu vya kuharibu vijana. Faraghani huzisoma, tena kwa pupa. Ni dhahiri kwamba tabia hiyo haiwezi kumlea msomaji hata mmoja. Mtu asiyekiri kuwa amekisoma kitabu hawezi kumwonyesha mwenziwe uzuri wake uko wapi na ubaya wake uko wapi. Kwa hiyo kijana huachwa peke yake na kitabu chake chini ya dawati, akimeza pumba na mchele pamoja.

SANDUKU LA MZEE

Mwalimu huyo ana jirani, mzee aliyestaafu utumishi wa serikali baada ya kufanya kazi Dar es Salaam na mikoani. Jioni moja alipokwenda kumwamkia, alimsimulia habari ya kitabu kile, huku akiona haya kidogo. Mzee hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "sisi vitabu hivyo tulivisoma ofisini, chini ya mafaili. Bosi alipoingia, faili lilifunika kitabu. Na bosi alipotoka, tulijua naye anakwenda kusoma chake."

"Sasa Mzee, mbona leo hakuna anayevitaja?"

"Kwa sababu kila mmoja anadhani alivisoma peke yake."

Mzee akafungua sanduku la bati na kumtolea vitabu vinne: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, Kikosi cha Kisasi cha huyo huyo Musiba, na Tutarudi na Roho Zetu? cha Ben Mtobwa. Akampa sharti moja tu: avisome kwa kufuata miaka yake, kisha arudi aseme anachokiona, si anachodhani mwalimu anapaswa kusema. Likizo ilipokwisha mwalimu alirudi na vitabu vyote vinne, na pamoja navyo akaleta maoni yaliyochanganyika, sifa na lawama kwa wingi uliokaribiana. Maoni hayo yanastahili kuwekwa mbele ya wasomaji, kwani ndiyo maoni ambayo wengi wanayo lakini hawayasemi.

BWANA MSA NA AKILI YAKE

Mzimu wa Watu wa Kale ndicho kitabu kilichofungua njia. Mwandishi wake, mzaliwa wa Unguja aliyefanya kazi ya uandishi wa habari, alikipatia ushindi wa kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, na kikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na maswali yasiyokwisha, ambaye alirudi katika Kisima cha Giningi mwaka 1968 na katika riwaya nyingine kadha zilizofuata.

Mwalimu alikisifu kitabu hiki kwa mambo mawili. La kwanza ni lugha. Kiswahili cha Unguja kinatembea humo kwa raha zake, chenye mzaha, misemo na adabu ya mazungumzo, kiasi kwamba hata msomaji aliyekwisha kubashiri mwisho wa kisa anaendelea kusoma kwa ajili ya kauli tu. La pili ni akili. Watu wanapoelekeza vidole kwenye mzimu, Bwana Msa anatafuta mkono wa mtu. Hawadharau wazee wala hawatukani imani zao. Anauliza tu nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Katika jamii ambamo bado wapo wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, somo hilo halijapitwa na wakati hata kidogo. Mwalimu wa sayansi anaweza kulitumia, na hakimu anaweza kulitumia.

Lakini mwalimu alikuwa na malalamiko pia. Bwana Msa ni jamaa wa karibu mno wa Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Kiko ni kile kile, na hata rafiki wa kushangaa ufundi wake, Najum, yupo katika mfululizo huo kama Watson alivyokuwapo London. Zaidi ya hayo, dunia yake ni dunia ya wenye mali, mirathi na siri za nasaba. Akiuawa mwenye mali, kitabu kizima kinasimama kutafuta sababu. Mchuma karafuu, ambaye jasho lake ndilo lililoijenga mali hiyo, anapita pembeni mwa ukurasa kama kivuli. Ni kweli kwamba kitabu kilitangulia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, na si haki kumtaka mwandishi atabiri. Lakini ni haki ya msomaji kuuliza: katika kitabu hiki, kifo cha nani kina uzito?

SIMU NA JIJI

Simu ya Kifo kilitoka mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Hapa shamba na mzimu vimeachwa nyuma, na Dar es Salaam imeingia. Anayepeleleza ni Inspekta Wingo, polisi wa kazi, Mwafrika mwenye dhamana ya sheria katika nchi yake mwenyewe. Msomaji wa leo anaweza asilione jambo hilo. Msomaji wa 1965, ambaye alikuwa amezoea kumwona Mzungu akiwa ndiye mkuu wa upelelezi, bila shaka aliliona. Mwalimu alisema kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki: kilimpa mwananchi kazi ya kufikiri, si ya kubeba mizigo ya anayefikiri.

Kasoro aliyoiona ni mwendo wake. Matukio yanakimbizana hata watu wanakosa nafasi ya kuwa watu. Kasoro hiyo haikuwa ya mwandishi mmoja. Ilikuwa ya mtindo mzima ulioingia kwa njia ya sinema na ya vitabu vya kigeni vilivyojaa madukani. Miongoni mwa vilivyosomwa sana ni vya James Hadley Chase, Mwingereza aliyejaza riwaya zake majambazi wa Marekani, ilhali Marekani yenyewe aliifahamu zaidi kwa ramani na kamusi kuliko kwa kuishi huko. Sasa mwandishi wa Afrika akimwiga mtu wa namna hiyo, anachora kivuli cha kivuli. Bastola inafyatuka, gari linakata kona, lakini msomaji hajui mtaa ule unanukaje asubuhi wala mke wa marehemu atawalisha nini watoto.

WILLY GAMBA NA MASURUFU YAKE

Mazungumzo yalipofika kwa Musiba, yalibadilika. Hapo ndipo mwalimu na mzee walipobishana kweli.

Mwalimu alianza kwa mzaha. Willy Gamba, alisema, ni mtumishi wa umma wa ajabu kuliko wote waliopata kuandikwa. Anapanda ndege, analala katika hoteli za fahari, anakunywa vinywaji vya gharama, na katika riwaya nzima haonekani hata mara moja akijaza fomu ya masurufu wala kurudisha stakabadhi. Kila mwanamke mzuri anayetokea ama atampenda ama atamtega, na mara nyingi atafanya yote mawili. Riwaya hizi zilisomwa katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuwawekea viongozi wake miiko. "Je, Mzee, huyu ndiye mfano tuliokuwa tukiutaka?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lake. "Mwalimu, unajua Mondlane alikufaje?"

Mwalimu alijua, kama anavyojua kila aliyesoma historia. Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari, 1969, kwa bomu lililotumwa kwake ndani ya kitabu. Amílcar Cabral aliuawa Conakry mwezi Januari 1973. Herbert Chitepo aliuawa Lusaka mwezi Machi 1975. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapelelezi wa Wareno na wa makaburu hawakuwa watu wa kutungwa. Hivyo Kufa na Kupona kilipotoka mwaka 1974, kikisimulia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam na Willy Gamba akizifuata Nairobi, wasomaji wa wakati ule hawakusoma ndoto. Walisoma hofu yao wenyewe. Na Kikosi cha Kisasi kilipotoka mwaka 1979, kikimpeleka mpelelezi huyo Kinshasa kupambana na wauaji wa viongozi wa ukombozi, kilikuwa kikiwapa kile ambacho magazeti hayakuweza kuwapa: wauaji waliotambuliwa na kulipizwa.

"Sisi tulizika watu," mzee alisema. "Willy alikuwa akitufuta machozi. Usimpime kwa stakabadhi tu."

Hoja ya mzee ni nzito, na mwalimu aliikubali. Hapana budi kila anayezidharau riwaya hizi aikabili hoja hiyo kwanza. Riwaya za James Bond alizoziandika Ian Fleming zilikuwa burudani ya dola kubwa iliyokuwa ikipoteza makoloni yake. Willy Gamba alichukua chombo kile kile akakigeuza kimtumikie mnyonge. Adui katika vitabu vyake si mgeni yeyote. Ni ubeberu, ubaguzi wa rangi na vibaraka wao. Wako vijana wengi waliolisikia neno ukombozi kwa mara ya kwanza likiwa na moto ndani yake, si darasani, bali katika kurasa hizo.

Hata hivyo hoja ya mwalimu nayo haikufa. Ukombozi wa kusini mwa Afrika haukuwa kazi ya mtu mmoja mwenye bastola. Ulikuwa kazi ya wapiganaji waliofanya mazoezi katika kambi za Kongwa na Nachingwea, ya watangazaji waliosema na watu wa kusini kwa redio kutoka Dar es Salaam, ya wanavijiji wa Mtwara na Ruvuma waliogawana chakula na wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto. Watu hawa katika riwaya hizo hawana majina. Kijana anayezisoma bila mwongozo anaweza kudhani kwamba historia huendeshwa na shujaa mmoja aliyevaa vizuri, na kwamba wengine wote kazi yao ni kushangilia. Hiyo ni kasumba, hata kama shujaa mwenyewe yuko upande wa haki.

SWALI LA MTOBWA

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikuwa wa kizazi kilichofuata. Tutarudi na Roho Zetu? ilitoka mwaka 1987, Nelson Mandela akiwa bado gerezani. Mpelelezi wake, Joram Kiango, naye yumo katika vita dhidi ya makaburu. Mwalimu aliona humo ufundi mkubwa zaidi wa kupanga sentensi, na aliona pia kwamba Nuru, mwanamke anayefuatana na Joram, ni mwenzi wa kazi. Ana akili yake na ujasiri wake, hata kama mwandishi hachoki kuusifia uzuri wake. Ni hatua, ingawa fupi.

Lawama yake ni kwamba maiti ni nyingi mno. Mtu wa kwanza anapokufa msomaji anashtuka. Wa kumi anapokufa msomaji anafungua ukurasa unaofuata. Riwaya inayomzoesha msomaji kifo inajiibia silaha yake yenyewe. Lakini alilisifu jina la kitabu. Wapelelezi waliotangulia hawakuulizana kama watarudi, walijua. Kuliweka swali hilo mlangoni mwa kitabu ni kukiri kwamba hata shujaa ana roho moja.

HASARA YA KUTUPA

Basi ikiwa riwaya hizi zina sifa na zina kasoro, kwa nini tusiwaachie wenye muda wazisome wapendavyo? Kwa sababu suala lenyewe ni kubwa kuliko burudani.

Wakati wa Azimio la Arusha, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wazee na vijana walikaa chini ya miembe na ubao. Taifa lilifanya kazi kubwa. Lakini kujua kusoma ni kama jembe. Lisipolimiwa hushika kutu. Aliyefunzwa kusoma alihitaji kitu cha kumfanya asome kesho bila kulazimishwa na mtu. Kwa wengi wa mijini, na kwa wengi waliosafiri kwa treni na mabasi, kitu hicho kilikuwa riwaya ndogo ya upelelezi. Wataalamu wa vyuo vikuu waliipa jina la fasihi pendwa. Jina ni zuri, lakini lilitumika mara nyingi kama kabati la kufungia vitu visivyotakiwa sebuleni.

Waandishi nao hawakufanya kazi katika hali rahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, East African Literature Bureau iliyokuwa imechapisha Simu ya Kifo na Kufa na Kupona ilikwisha pamoja nayo. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu. Baadhi ya waandishi, Musiba na Mtobwa wakiwamo, walianza kujichapishia wenyewe, na walifanikiwa kuwafikia watu kwa sababu watu waliwataka. Leo vingi vya vitabu hivyo haviko madukani. Viko katika masanduku ya wazee, pamoja na mchwa. Mchwa hawachagui kati ya kitabu kizuri na kibaya. Uchaguzi huo ulikuwa wetu, nasi tuliukimbia.

Wako wanaosema kwamba riwaya hizi hufundisha uhalifu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani humo ndani mhalifu hakosi kupatikana, jambo ambalo maisha yenyewe hayatuhakikishii. Madhara ya kweli yako kwingine: katika mazoea ya kumwona mwanamke kuwa zawadi ya shujaa, fedha kuwa kitu kisicho na hesabu, na sheria kuwa kikwazo cha mtu hodari. Mazoea hayo hayaondolewi kwa kunyang'anya kitabu. Huondolewa kwa kukisoma pamoja na kuuliza maswali. Kijana aliyefundishwa kumuuliza Willy Gamba amepata wapi fedha za hoteli, siku moja atajua kumuuliza swali hilo hilo mtu mwenye mwili na cheo.

Tangu mwaka 1967 Taifa limesisitiza elimu ya kumfanya mtu ajitegemee, na kujitegemea huanza na fikra. Ni jambo jema kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imewapa waandishi wapya sababu ya kushika kalamu. Lakini mwandishi hahitaji tuzo tu. Anahitaji msomaji mkali anayemwambia hapa umeweza na hapa umelegea. Msomaji huyo hatoki mbinguni. Anatoka darasani, anatoka maktaba ya wilaya, anatoka kwa ofisa anayethubutu kuweka kitabu juu ya faili badala ya chini yake. Maktaba za shule zivitafute vitabu hivi. Walimu wavisome kabla ya kuvihukumu. Wenye masanduku wayafungue.

Mwalimu yule alimrudishia mwanafunzi kitabu chake siku ya kwanza ya muhula mpya, mbele ya wenzake. Alimpa masharti mawili: asikisome wakati wa kipindi, na aandike ukurasa mmoja kueleza shujaa amefanya nini vizuri na amekosea wapi. Mwanafunzi alileta kurasa sita. Katika ukurasa wa mwisho alikuwa ameuliza ni nani waliokuwa wakiwapikia wapigania uhuru, kwa maana kitabu hakisemi.

Mwalimu alipeleka daftari hilo kwa mzee. Mzee alivaa miwani, akasoma kurasa zote sita, kisha akaanza kueleza.